Bonde la Yaqui, Mahali Ngano Inapojaribiwa kwa Jua

Katika nchi ya Meksiko, upande wa kaskazini-magharibi, liko bonde tambarare kati ya milima ya Sierra Madre na Ghuba ya California. Jina lake ni Bonde la Yaqui, na mji wake mkubwa ni Ciudad Obregón, katika jimbo la Sonora. Mtu asimamaye nje ya mji huo mwezi wa Februari huona jambo la kumfurahisha kila mkulima: mashamba ya ngano yaendayo hata upeo wa macho, ya kijani kibichi, yamenyooka kana kwamba yamepimwa kwa kamba, na kati yake mifereji ya maji inateremka polepole kuelekea baharini. Ardhi inayotiliwa maji katika bonde hilo ni zaidi ya ekari 500,000.

Walakini liko shamba moja ambalo lingemshangaza mkulima huyo. Katika kituo cha majaribio ya kilimo, wakati ngano ya majirani imekwisha kutoa masuke, watu huonekana wakipanda ngano mpya. Kila mtoto aliyezaliwa bondeni anajua kwamba huo si wakati wa kupanda. Ngano ya huko hupandwa Novemba na Desemba, ikakua katika miezi ya baridi, ikavunwa Aprili na Mei. Ile ipandwayo mwisho wa Februari au mwezi wa Machi hutoa maua joto likiwa limekwisha kupita digrii 35 za Sentigredi. Itadumaa, itakauka upesi, na punje zake zitasinyaa.

Wapandaji wa shamba hilo wanayajua hayo kuliko watu wote. Hawakuchelewa kwa uvivu, wala hawakukosa trekta. Wamechelewa kwa makusudi, maana wanatafuta mmea utakaosimama wakati wenzake wanapoanguka.

MTO NA WATU WAKE

Bonde hilo lina rutuba, lakini mvua yake ni haba. Kwa mwaka mzima hunyesha kama milimita 300 tu, na nyingi huja katika miezi ya joto kali, wakati ambapo ngano haimo shambani. Uhai wote hutoka katika Mto Yaqui, unaoshuka kutoka milimani. Kandokando ya mto huo waliishi tangu kale watu wa kabila la Yaqui, ambao mto na bonde vimechukua jina lao. Walikuwa wakulima, wakipanda mahindi katika udongo ulioachwa na mafuriko. Walipigania ardhi yao kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Porfirio Díaz iliwakamata maelfu yao na kuwapeleka mbali, hata mashamba ya mkonge ya Yucatán. Mwaka wa 1937 Rais Lázaro Cárdenas aligawa sehemu kubwa ya ardhi ya bonde kwa wakulima wadogo, akawarudishia Wayaqui sehemu ya nchi yao ya asili. Mwaka wa 1952 bwawa kubwa la Oviachic lilimalizika, na tangu hapo mto umekuwa kama bomba lenye kufunguliwa na kufungwa.

Hivyo bonde hilo lina mambo mawili yasiyopatikana pamoja mahali pengi: jua kali na maji ya mfereji. Mtu anayetaka kujua madhara ya joto peke yake, pasipo kuchanganyika na madhara ya ukame, anaweza kuinywesha ngano yake maji ya kutosha na kuliacha jua lifanye kazi yake.

KIJANA ALIYEFIKA MWAKA WA 1945

Kituo cha majaribio kilijengwa katika miaka ya 1930 na gavana wa jimbo, Rodolfo Elías Calles. Baadaye kiliachwa. Mwaka wa 1945 alipofika Norman Borlaug, mtaalamu kijana kutoka Marekani, alikuta madirisha yamevunjika, panya wamejaa nyumbani, na mashine hakuna. Inasimuliwa kwamba alijifunga kamba za jembe kifuani akalivuta mwenyewe kama ng'ombe, mpaka jirani alipomhurumia akamwazima trekta.

Borlaug alitafuta ngano isiyougua kutu. Ili asipoteze muda, alipanda mara mbili kila mwaka: wakati wa baridi huko Sonora, karibu na usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi katika nyanda za juu karibu na mji wa Mexico, ambako Toluca iko juu zaidi ya futi 8,000. Wakubwa wake hawakulipenda jambo hilo, wakisema mbegu inahitaji kupumzika. Yeye alishikilia. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko alivyotazamia. Mmea usioweza kuishi mahali pote pawili ulitupwa. Uliobaki ni ule usiojali urefu wa mchana wala mabadiliko ya nchi. Siku hizi jeni moja yenye kazi kubwa katika jambo hilo inajulikana, nayo huitwa Ppd-D1. Ngano yenye namna fulani ya jeni hiyo haingojei mchana urefuke ndipo itoe maua, bali huchanua mapema.

Hapa msomaji wa Kenya ana sababu ya kutega sikio. Miongoni mwa ngano zilizotumiwa na Borlaug katika miaka hiyo ya kwanza zilikuwamo ngano za Kenya, zilizosifiwa kwa kushindana na kutu ya shina. Moja ya mbegu zilizotokea iliitwa Kentana 48, jina lililounganishwa kutoka Kenya na Mentana, ngano ya Kiitalia. Basi damu ya ngano ya Kenya ilikwisha kuvuka bahari na kuingia katika mashamba ya Sonora zamani. Mwaka wa 1956 Meksiko ilipata kujilisha kwa ngano yake yenyewe, na mwaka wa 1970 Borlaug akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kituo cha Obregón sasa kina jina lake, na hutumiwa na shirika la utafiti wa mahindi na ngano liitwalo CIMMYT, lililoanzishwa mwaka wa 1966. Wakulima wa bonde wenyewe huchangia fedha za utafiti, kwa sababu wameona faida yake ghalani.

JOTO HUFANYA NINI

Iko njia mbili za mmea kuokoka na joto. Ya kwanza ni kukimbia: kuchanua na kukomaa kabla joto halijafika. Ngano za Borlaug zilijifunza njia hiyo vizuri. Lakini anayekimbia mapema mno huacha mali nyuma, maana mmea wenye siku chache hupata majani machache na masuke madogo. Njia ya pili ni kustahimili, yaani kubaki mahali pale pale na kuendelea na kazi wakati jua linapowaka. Hiyo ndiyo inayotafutwa katika shamba lililopandwa kwa kuchelewa.

Madhara ya joto huanza kabla ya suke kuonekana vema. Chavua, yaani ule unga wa manjano wa maua, hutengenezwa siku chache kabla ya kuchanua; joto likizidi katika siku hizo, chavua hufa na ua halizai punje. Mkulima ataona suke limesimama, kumbe ndani yake mna nafasi tupu. Baada ya hapo huja wakati wa kujaza punje. Joto huuharakisha mmea, nao hufupisha kazi iliyopaswa kuchukua wiki nyingi. Protini zinazogeuza sukari kuwa wanga ndani ya punje hulegea. Katika jani nako kuna protini ambayo kazi yake ni kuiamsha nyingine inayokamata hewa ya kaboni. Huyo mwamshaji huchoka mapema joto linapopanda, na kazi yote ya jani hupungua. Hata usiku haumwachi mmea salama. Usiku ukiwa wa joto, mmea hutumia akiba uliyoweka mchana, kama mtu alaye usiku chakula cha kesho.

Kwa hiyo ngano iliyochelewa hukomaa karibu mwezi mzima upesi kuliko ile ya wakati wake, na mavuno yake mara nyingi hushuka hata kufikia nusu au chini ya hapo. Hasara hii haihusu bonde moja tu. Mwaka wa 2015 wataalamu wa nchi nyingi walilinganisha hesabu za njia 30 tofauti za kukadiria mavuno, wakaona kwamba kila dunia inapoongezeka joto kwa digrii 1, mavuno ya ngano ya ulimwengu hupungua sehemu 6 katika kila 100. Mwenye duka anayeuza mkate na mwenye watoto anayeununua wote wamo katika hesabu hiyo.

MFANO WA MTUNGI

Katikati ya mchana, jua likiwa utosini, vijana wa kituo hupita kati ya vipande vya shamba wakiwa na chombo kidogo mfano wa bastola. Hukielekeza kwenye majani, na bila kuyagusa chombo huonyesha joto lake. Siku hizi ndege ndogo zisizo na rubani hufanya kazi hiyo hiyo kutoka juu. Vipande viwili vilivyo bega kwa bega, vilivyopandwa siku moja na kunywa maji ya mfereji mmoja, huweza kutofautiana digrii moja au mbili. Mara nyingi kile kilicho baridi zaidi ndicho kitakachotoa magunia mengi.

Sababu yake inajulikana katika kila nyumba yenye mtungi wa udongo. Mtungi hutoka jasho. Maji yanayopenya nje hukauka kwa upepo, na yale yaliyobaki ndani hupoa. Jani la ngano nalo hutoa mvuke kupitia vitundu vyake vidogo, nao mvuke ukiondoka huchukua joto pamoja nao. Mmea wenye mizizi ya kwenda chini na vitundu vilivyo wazi hujipoza wenyewe. Wenzake waliofunga vitundu huungua.

PEMBE NA MAZIWA

Sasa msomaji atauliza: je, uwezo huo hurithiwa? Naam, hurithiwa, lakini si kwa njia rahisi. Mfugaji anajua kwamba ng'ombe kuwa na pembe au kutokuwa nazo ni jambo la jeni moja, na hesabu yake ni nyepesi. Lakini wingi wa maziwa haukai katika jeni moja. Hutoka katika jeni nyingi sana, kila moja ikiongeza kidogo, na malisho nayo yakitia mkono. Kinga dhidi ya kutu mara nyingine hurithiwa kama pembe. Ustahimilivu wa joto hurithiwa kama maziwa.

Tena ngano ni mmea wenye ukoo mrefu. Ngano ya mkate ni mtoto wa nyasi tatu. Nyasi mbili za kwanza ziliungana zamani sana, zikazaa ukoo wa ngano ngumu. Na miaka kama 8,000 hadi 10,000 iliyopita, upande wa Bahari ya Kaspi, ngano ya ukoo huo iliyolimwa ilikutana na nyasi ya tatu. Kwa sababu hiyo ina kromosomu 42, yaani jozi 21, saba kutoka kwa kila mzazi, zikitajwa kwa herufi A, B na D. Ramani kamili ya urithi wake ilitolewa mwaka wa 2018, ikaonyesha jeni zaidi ya 100,000. Binadamu mwenyewe ana kama 20,000. Kutafuta jeni za joto humo ni kama kumtafuta mtu katika mji mkubwa pasipo kujua jina lake.

Watafiti walianza kwa akili ya mkulima. Walioanisha ngano mbili ziitwazo Seri na Babax, wakalea watoto zaidi ya 160 waliolingana kwa kimo na kwa siku za kuchanua. Hivyo hakuna aliyeweza kushinda kwa kukimbia tu. Watoto hao walipandwa Obregón katika joto na katika ukame, na mwaka wa 2010 matokeo yalitangazwa. Sehemu fulani za kromosomu, zikiwamo za 3B na 4A, zilionekana kwenda pamoja na majani ya baridi na mavuno mema. Tena baadhi ya sehemu hizo zilisaidia katika joto na katika ukame pia. Lakini kila moja ilikuwa na mchango wake tu. Hakuna iliyokuwa dawa ya yote.

MSAADA WA NYASI YA PORINI

Liko jambo jingine ambalo wazee wa ngano hawakuliweza. Ile nyasi ya tatu, iitwayo na wataalamu Aegilops tauschii, ilipokutana na ngano zamani, ni mimea michache tu iliyoungana nayo. Ni kana kwamba kabila kubwa limeoza binti wachache tu katika nyumba moja: mali nyingi ya ukoo ilibaki nje. Nyasi hiyo bado huota porini huko Asia ya Magharibi na ya Kati, pengine mahali pa jua na ukame, wala hakuna mtu anayeitilia maji.

Basi watafiti walifunga ndoa ile upya. Walichukua ngano ngumu, wakaioanisha na nyasi mbalimbali za porini, wakapata ngano mpya ya kutengenezwa. Yenyewe haipendezi; ganda lake ni gumu na mkate wake si mzuri. Lakini huoanishwa tena na ngano njema, kizazi baada ya kizazi, mpaka ubaya wa porini utoke na nguvu ibaki. Kazi hiyo si ya mwaka mmoja.

Mwaka wa 2023 yalitangazwa matokeo ya jamaa 149 za ngano zilizojaribiwa shambani huko Sonora, kwa wakati wake na kwa kuchelewa. Katika joto, zile zilizokuwa na sehemu za urithi wa kigeni zilizaa hata sehemu 50 kwa 100 zaidi ya ngano bora zisizo na sehemu hizo. Sehemu moja iliyotajwa sana iko katika kromosomu 6D, nayo ilitoka kwa ile nyasi ya porini. La kufurahisha zaidi ni kwamba mwaka wenye baridi ya kutosha ngano hizo hazikupungukiwa na kitu. Kwa mkulima hilo ni jambo kubwa, maana anapopanda hajui mwaka utakuwaje, wala hawezi kununua mbegu mbili kwa shamba moja.

MAJI YAKIPUNGUA

Hata hivyo haifai kudhani kwamba mbegu itafanya kila kitu. Mtungi usio na maji haupozi. Ngano inayojipoza kwa mvuke hupata uwezo huo kutoka katika maji yaliyo chini ya mizizi yake, na maji ya Bonde la Yaqui si ya milele. Katika msimu wa 2003 hadi 2004 mabwawa yalipungua sana, hata sehemu kubwa ya bonde ikalala bila kupandwa ngano. Baada ya mwaka wa 2010 serikali ya jimbo ilijenga bomba kubwa la kuchukua maji kutoka katika mto huo na kuyapeleka mji wa Hermosillo. Wayaqui walifunga barabara kuu wakipinga, wakisema mto wa baba zao unachukuliwa kwa mara ya pili. Mtaalamu wa jeni hawezi kuamua kesi hiyo. Anachoweza ni kutafuta mmea utakaozaa zaidi kwa kila tone, na ndiyo sababu mashamba ya joto na mashamba ya ukame hupandwa karibu karibu katika kituo kimoja.

Ngano iliyochelewa inapokomaa, mashamba ya majirani huwa yamekwisha kuvunwa na mabua yao yamebaki meupe juani. Kila kipande kidogo huvunwa peke yake, hupurwa, na punje zake hupimwa kwa uzito. Vingi havina cha kujivunia. Vichache huwa na punje nono kana kwamba havikuwa na habari ya jua lile. Punje hizo hutiwa katika mifuko midogo, zikapelekwa kwa watafiti wa nchi za joto, kama India, Pakistani, Bangladeshi na Sudani, zikajaribiwe tena katika udongo wa huko.

Katika Kenya ngano hulimwa Narok, Nakuru, Uasin Gishu na sehemu nyingine za juu, kwa kuwa mwinuko wa nchi ndio unaoipa baridi. Joto likipanda, ngano hulazimika kukimbilia juu zaidi, na mlima una mwisho. Huko Njoro, ambako kazi ya kuzalisha mbegu za ngano ilianza mwaka wa 1927, maelfu ya ngano kutoka nchi nyingi hujaribiwa tangu mwaka wa 2005 dhidi ya kutu ya shina iliyoonekana Uganda mwaka wa 1998. Ngano za Meksiko zimo miongoni mwao. Hivyo mbegu huendelea kupita njia ile ile ya zamani: Kenya ilitoa kinga ya kutu, na Sonora inatafuta kinga ya joto. Wahenga walisema, akiba haiozi. Mfuko mdogo wa punje zilizookoka jua la Machi huko Obregón ni akiba ya namna hiyo.